Tuulize Kwanza Kiungo, Ndipo Tuulize Bei

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika, walimu wa ufundi na wawakilishi wa wahisani



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya miradi yetu ya useremala. Wengi wenu mlitegemea niseme juu ya idadi ya madawati, bei ya mbao na ripoti za fedha. Hayo yote yatakuwemo. Lakini leo naomba nianze na jambo dogo ambalo halionekani katika ripoti zetu, nalo ni kiungo, yaani mahali pale ubao mmoja unapokutana na mwingine. Samani ya mbao ni mara chache sana kuvunjika katikati ya ubao. Huachia kwenye kiungo. Kwa hiyo kamati inayochagua kiungo ndiyo inayochagua umri wa dawati, hata kama haijui kwamba imechagua.

Ndugu zangu, jambo hili linagusa watoto moja kwa moja. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002 baada ya ada kufutwa, watoto waliandikishwa kwa wingi na wengi wakakaa sakafuni. Elimu bila malipo ilipofikishwa hadi kidato cha nne mnamo Januari 2016, hali ikawa hiyo hiyo, na kampeni ya madawati ikaenea nchi nzima. Sharika zetu zilishiriki. Zilichanga fedha, mbao na nguvu kazi, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kazi inapofanywa kwa haraka na kwa idadi kubwa, swali linaloulizwa ni moja tu: mangapi? Swali la pili, yaani yameungwaje, halina wa kuliuliza. Ndiyo sababu tukizunguka nyuma ya madarasa mengi tunakuta rundo la miguu, mbao za kukalia na migongo, mbao nzima kabisa, zilizoachana tu. Rundo lile ni sadaka ya watu.

Tumetoka mbali na viungo

Isidhaniwe kwamba elimu ya viungo ni jambo la kigeni kwetu. Angalieni kitanda cha kamba, kile ambacho wenyewe tunakiita kwa utani teremka-tukaze. Kina matendegu manne na mifumbati minne. Mwisho wa kila mfumbati umechongwa ulimi, na kila tendegu lina matundu ya kupokea ndimi hizo. Hakuna msumari wala gundi. Kamba inayosukwa juu yake huvuta mifumbati ndani, na kadiri inavyokazwa ndivyo ndimi zinavyokaa imara kwenye matundu. Kikilegea, watu huteremka, kamba inakazwa, wanalala tena. Kitanda cha namna hiyo kilirithiwa. Aliyekitengeneza alielewa mambo mawili makubwa: nguvu inatoka upande gani, na nani atakitengeneza kikilegea.

Na katika Maandiko, tukisoma Kutoka sura ya 26, tunaona kwamba maagizo ya kujenga maskani yanaingia hadi kwenye viungo. Kila ubao wa mshita ulipewa ndimi mbili, na kila ulimi kitako chake cha fedha. Upande mmoja ulikuwa na mbao ishirini, hivyo vitako arobaini. Maskani ile ilikuwa ya kufunguliwa, kubebwa jangwani na kusimamishwa tena, kwa hiyo kiungo chake kililingana na matumizi yake. Misumari nayo ina mahali pake. Katika 1 Nyakati 22:3 Daudi anaweka akiba ya chuma kwa ajili ya misumari ya milango. Sikuja kuuhukumu msumari. Nimekuja kusema kwamba kila kiungo kina kazi yake, na kamati iliyokabidhiwa fedha za Bwana inapaswa kuijua.

Viungo tunavyokutana navyo

Nitavitaja vile ambavyo mafundi wetu wanavitumia, kwa maneno ya kawaida, ili mjumbe yeyote aweze kuvitambua akifika karakana.

Cha kwanza ni kukutanisha mbao mbili na kupigilia misumari. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji vifaa vingi. Msumari una nguvu pale nguvu inapousukuma kwa ubavu, kama mbao mbili zilizolaliana zikitaka kupitana. Udhaifu wake ni pale unapovutwa utoke. Na unakuwa dhaifu zaidi ukipigiliwa kwenye kichwa cha ubao, mahali nyuzi za mti zinapoishia, kwa sababu pale unapenya katikati ya nyuzi badala ya kuzikata na kubanwa nazo. Tena mbao zetu nyingi hupigiliwa zikiwa bado mbichi. Zinapokauka husinyaa, na msumari uliokuwa umebana hubaki na nafasi.

Cha pili ni kiungo cha nusu kwa nusu. Kila ubao unapunguzwa nusu ya unene mahali zinapokutana, kisha zinalaliana na kuwa sawa juu na chini. Ni kizuri kwa mbao zinazopishana, kama miguu ya meza yenye umbo la msalaba. Fundi anakikata kwa msumeno na patasi tu. Lakini kumbukeni kwamba ubao umebaki nusu pale, kwa hiyo hakifai mahali penye kubanduliwa kwa nguvu.

Cha tatu ni ulimi na tundu. Huyu ndiye mzee wa viungo. Ubao mmoja unachongwa ulimi, mwingine unatobolewa tundu, na pande za ulimi zinaachwa mabega yanayokaa wima dhidi ya mguu. Mafundi huweka unene wa ulimi karibu theluthi moja ya unene wa ubao. Ubao wa inchi mbili ukisharandwa, patasi ya nusu inchi inatosha kutoboa tundu lake. Ulimi ukitokeza upande wa pili, unaweza kupasuliwa kidogo na kupigiwa kabari ili upanuke usirudi. Usipotokeza, unaweza kutobolewa pamoja na mguu na kupigwa chango ya mti mkavu.

Cha nne ni meno yaliyopanuka kama mkia wa njiwa, yanayoingiliana kwenye pembe za sanduku au droo. Droo inavutwa kila siku kutoka mbele, na meno hayo hayawezi kutoka kwa upande unaovutwa hata gundi ikichoka. Ni kazi ya fundi mwenye mkono uliotulia, na inachukua muda.

Cha tano ni mfereji. Ubao mmoja unachimbwa mfereji, mwingine unakaa ndani yake. Ndicho kiungo cha rafu za vitabu na kuta za makabati, kwa sababu uzito unakaa juu ya mti wenyewe, wala hauning'inii kwenye misumari.

Cha sita ni vijiti vya mbao na gundi. Viwandani kiungo hiki ni cha kawaida, kwa sababu mashine hutoboa matundu yanayolingana bila kukosea. Katika karakana isiyo na kifaa cha kuongoza keekee, tundu moja likienda upande, kiungo kizima kinakaa kwa mvutano. Nashauri tusikidai vijijini.

Cha saba ni skrubu na bolti. Hivi vinafaa kwa kitu kitakachofunguliwa, na kwa madawati yenye fremu ya chuma na mbao juu yake.

Maswali manne kabla ya kuchagua

Mjumbe mmoja anaweza kusema: basi tuandike kila kitu kiwe cha ulimi na tundu, tumalize. Hapana, ndugu zangu. Kudai kiungo ghali mahali pasipohitajika ni kupoteza sadaka vilevile. Naomba kamati zijiulize maswali manne.

Kwanza, nguvu inatoka upande gani? Dawati halivunjwi na uzito wa watoto kukaa tu. Linavunjwa na kuegemea, kusukumwa, kuburutwa na kubebwa juu juu wakati wa usafi. Mtoto akiegemea nyuma, mguu unakuwa kama mtaimbo unaong'oa kiungo. Kila akiegemea, msumari unatoka kidogo sana, na kesho tundu limekuwa pana zaidi. Ulimi wenye mabega haufanyi hivyo, kwa kuwa bega linausukuma mguu nao mguu unalisukuma bega. Upana wa mbao ya mlalo nao una maana kubwa. Ya inchi nne inashika mguu vizuri zaidi kuliko ya inchi mbili, hata kama kiungo ni kile kile, kwa sababu mabega yako mbali zaidi na hivyo yanapinga kuyumba.

Pili, mbao ni ya aina gani, na imekauka? Mti haubadiliki kwa urefu kiasi cha kuhesabika, lakini kwa upana hutanuka wakati wa masika na kusinyaa wakati wa kiangazi. Paina na mkaratusi wa mashamba, kama yale ya Sao Hill huko Mufindi, tunaupata kwa urahisi, lakini mara nyingi tunauziwa mbichi. Mninga na mkongo ni mbao imara, ila bei yake imepanda na miti yenyewe inapungua, nasi kama Kanisa tuna wajibu wa kutunza uumbaji. Paina iliyokauka na kuungwa vizuri inatosha kabisa kwa dawati la shule. Mninga uliopigiliwa misumari ukiwa mbichi hautoshi. Na ulimi uliochongwa kwenye ubao mbichi utasinyaa ndani ya tundu na kucheza, hata fundi awe hodari namna gani. Kwa hiyo mbao zinunuliwe mapema, zipangwe kivulini juu ya vipande vya kuzitenganisha ili upepo upite, zikae wiki nyingi, na kwa mbao nene, miezi. Na popote zinapotoka, ziwe na vibali vya Wakala wa Huduma za Misitu. Mradi wa Kanisa usijengwe kwa mbao za magendo.

Tatu, nani atakikata, na kwa vifaa gani? Karakana yenye mashine ya kutoboa matundu na umeme wa uhakika inamaliza kwa siku moja kazi ya wiki ya patasi. Hapo tofauti ya bei kati ya msumari na ulimi inakuwa ndogo. Kijijini fundi ana msumeno, randa, patasi mbili na nyundo. Anaweza kukata ulimi na tundu safi, lakini anahitaji muda, na muda ni fedha. Tukimlipa bei ya misumari tukamdai kazi ya ulimi, tumemfundisha kudanganya. Atachonga ulimi mfupi kama ukucha, ajaze gundi na vumbi la mbao, apige rangi, nasi tutapokea na kupiga picha.

Nne, kikilegea nani atakitengeneza? Dawati la fremu ya chuma ni jema pale mjini, kwa mafundi wa kuchomelea walio karibu. Kwenye shule iliyo mbali na umeme, sehemu iliyoachia inaweza kukaa mwaka mzima. Dawati la mbao lililoungwa kwa ulimi na chango, fundi wa kijiji anaweza kutoa chango, kubadilisha ubao mmoja, na kulirudisha darasani siku hiyo hiyo. Uendelevu tunaouandika kila mara katika maombi ya fedha, maana yake ni hiyo.

Kitu gani kiungwe namna gani

Kwa kufuata maswali hayo, haya ndiyo mapendekezo ya ofisi ya miradi.

Madawati ya shule na mabenchi ya kanisa: miguu na mbao za mlalo zinazoishika ziungwe kwa ulimi na tundu, pamoja na chango au kabari. Mguu wa nyuma unaobeba mgongo usikubaliwe kwa msumari peke yake. Lakini mbao za kukalia, za kuandikia na za mgongo zinaweza kufungwa kwa skrubu, au misumari iliyopigiliwa kutoka juu kwenye ubavu wa ubao ulio chini, kwa sababu pale uzito unaikandamiza mbao, hauing'oi. Mnaona basi kwamba hatuhitaji kiungo ghali kila mahali. Tunakihitaji mahali penye kuyumba. Na kama fremu ni ya chuma, mbao zifungwe kwa bolti zinazopita hadi chini, na tundu lililo kwenye chuma liwe refu kidogo ili ubao upate nafasi ya kutanuka. Ubao mpana uliobanwa kabisa pande zote mbili hupasuka wakati wa kiangazi.

Milango ya zahanati, madarasa na nyumba za watumishi: fremu ya mlango iwe ya ulimi na tundu katika pembe zote. Paneli zikae ndani ya mfereji bila gundi wala misumari. Wengi hudhani fundi aliyeacha paneli icheze kidogo ni mvivu, kumbe amefanya sawasawa. Ile nafasi ndogo ndiyo inayofanya mlango usipasuke na usikwame wakati wa mvua.

Makabati ya dawa, rafu za vitabu na masanduku: rafu zikae kwenye mfereji. Droo na masanduku yanayovutwa na kubebwa, pembe zake ziwe za meno, kama yupo fundi wa kuzikata. Kama hayupo, sanduku lenye mfereji, gundi na skrubu ni bora kuliko meno yaliyokatwa vibaya na kuzibwa.

Paa la kanisa: hapa msumari una heshima yake, kwa sababu mbao za kenchi zinalaliana na nguvu inausukuma msumari kwa ubavu. Lakini idadi ya misumari, ukubwa wake na mahali pa bolti ni kazi ya mhandisi. Kamati isikisie mambo ya paa ambalo waumini watakaa chini yake.

Gundi: gundi nyeupe ya mbao ni msaada mzuri, lakini nyingi katika hizo hazipendi maji. Pia gundi haishiki vizuri kichwa cha ubao. Hushika ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo gundi iwe msaidizi wa kiungo. Haiwezi kukaa mahali pake.

Hesabu ngumu

Sasa nije kwenye swali ambalo najua liko mioyoni mwenu. Watoto wako sakafuni leo. Je, ni haki kununua machache yaliyo imara wakati tungeweza kununua mengi?

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Usharika una shilingi 2,400,000. Fundi wa kwanza anatoa dawati la misumari kwa 60,000. Wa pili anatoa la ulimi na tundu kwa 80,000. Kwa wa kwanza tunapata madawati 40, kwa wa pili 30. Watoto watatu kwa dawati, ni watoto 120 dhidi ya 90. Tofauti ni watoto 30. Sitaki kuwaficha: watoto hao thelathini ni watoto kweli, wana majina, na muhula huu watakaa chini. Mjumbe anayepigania madawati 40 hana moyo mbaya. Anawaona hao thelathini.

Lakini tuendelee na hesabu. Tuseme baada ya miaka miwili nusu ya yale 40 yameachia. Yamebaki 20, watoto 60 wamekaa, na 60 wako chini. Fedha zimekwisha, mfadhili ameshaandika kwamba tatizo limetatuliwa, na wazazi waliochanga wanakataa kuchanga tena kwa sababu wanaliona lile rundo nyuma ya darasa. Hasara ya mwisho ndiyo kubwa. Dawati lililovunjika linavunja pia imani ya mzazi kwa kamati yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ukuta huo tunajenga kila baada ya miaka michache kwa fedha zile zile za watu wale wale.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tununue yale 30. Kisha kamati itangaze wazi mbele ya usharika, Jumapili, kwamba yamepungua 10, na sababu yake. Itafutwe njia ya kuyapata hayo 10 kwa mavuno, kwa harambee au kwa mbao za mzee mmoja mwenye shamba la miti. Wakati huo huo, tusisahau lile rundo. Mbao nyingi zilizo ndani yake ni nzima, tena zimekwisha kukauka. Zikikatwa vichwa vilivyochakaa na kuchongwa ndimi, zinaweza kutoa madawati mafupi kidogo ya watoto wa awali kwa gharama ya fundi tu. Kabla ya kuomba fedha mpya, kila kamati ikahesabu kwanza lililo nyuma ya darasa.

Jinsi ya kusimamia

Kamati haihitaji kuwa na seremala ili isimamie. Inahitaji utaratibu.

1. Kiungo kiandikwe kwenye mkataba. Tusiandike tu "madawati 30 imara". Tuandike aina ya mbao, vipimo, mahali penye ulimi na tundu, na kwamba mbao ziwe kavu. Wazabuni wote wakijibu maelezo yale yale, ndipo bei zao zinaweza kulinganishwa. Bila hivyo, wa bei ya chini atashinda siku zote, naye fundi mwaminifu atafunga karakana.

2. Litengenezwe dawati moja la mfano. Kamati, mwalimu mkuu na fundi waliangalie, walikubali, liwekwe alama na litunzwe. Mengine yote yafanane na hilo.

3. Kamati ifike karakana kabla viungo havijafungwa. Baada ya rangi, ulimi mrefu na ulimi mfupi vinafanana. Siku ya kuviona ni ile kabla ya gundi. Chukueni mbao kadhaa bila kuchagua, zitieni kwenye matundu kwa mkono. Ulimi mzuri unaingia kwa kugongwa kidogo. Ukiingia wenyewe na kucheza, au ukihitaji kupigwa kwa nguvu hadi mguu unataka kupasuka, haufai.

4. Siku ya kupokea, pimeni kwa kamba kutoka pembe hadi pembe ya fremu, kisha pembe nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa. Jaribuni kupenyeza karatasi kwenye bega la kiungo, isipite. Kisha mtu mzima akae, aegemee na kuyumba. Watoto watafanya zaidi ya hapo.

5. Malipo yawe kwa awamu: sehemu kwa ajili ya mbao, sehemu baada ya ukaguzi wa viungo, sehemu baada ya kupokea, na kiasi kidogo kibaki hadi muhula mmoja upite. Na sisi tukiahidi siku ya kulipa, tulipe siku hiyo. Fundi anayecheleweshwa malipo hununua mbao mbichi, kwa kuwa hana akiba ya kusubiri zikauke.

Kwa vijana wetu na kwa wahisani

Neno moja kwa walimu wa ufundi. Kijana anayejifunza kwetu anafundishwa kukata ulimi, mfereji na meno. Anahitimu, anarudi kijijini na sanduku la vifaa, kisha anakuta usharika wake mwenyewe umempa kazi mpigilia misumari kwa sababu ana bei ndogo. Baada ya mwaka mmoja anauza patasi, anakwenda mjini kuendesha bodaboda. Tumegharamia mafunzo yake, halafu tumekataa kununua alichojifunza. Kamati ikiandika kiungo kwenye mkataba, imempa kijana huyo soko bila kumpendelea, maana yeye anaweza na mwingine atalazimika kujifunza.

Na kwenu wahisani, kwa heshima na shukrani nyingi. Mnapopokea ripoti zetu, msiulize tu ni mangapi. Ulizeni yameungwaje, na ulizeni tena baada ya miaka mitatu ni mangapi bado yako darasani. Mkitupima kwa idadi ya siku ya makabidhiano, mtatusukuma kwenye misumari bila kukusudia. Mkitupatia muda wa mbao kukauka, mmetusaidia kuliko kuongeza fedha. Mradi unaotakiwa ukamilike kabla ya mwaka wa fedha kufungwa mara nyingi hujengwa kwa mbao mbichi.

Ndugu zangu, watu wa Nazareti walimjua Bwana wetu kama seremala, Marko 6:3 inatueleza. Na Mtume Paulo, katika Waefeso 4:16, anapotaka kueleza jinsi Kanisa linavyoshikana, anazungumza juu ya viungo. Mwili unakua kwa msaada wa kila kiungo, kila kimoja kikifanya kazi yake kwa kadiri yake. Kiungo hakionekani. Hakuna anayeingia kanisani akasifu ulimi ulio ndani ya mguu wa benchi. Lakini bibi kizee anayelikalia kila Jumapili, na mtoto anayeandika herufi zake za kwanza juu ya dawati lisiloyumba, wanakitegemea.

Fomu mpya za maombi ya miradi ya samani mtazipata kwenye ofisi za majimbo. Tumeongeza mstari mmoja unaouliza: viungo ni vya aina gani, na nani amevikagua? Fomu itakayorudi na mstari huo ukiwa mtupu, tutairudisha kwenu tuijaze pamoja.

Mungu awabariki, na aibariki kazi ya mikono yenu.